Waya wa Shaba na Sauti ya Stefania

Aibu nyingine mtu anaweza kuifunika kwa kofia akapita zake, lakini yangu ilitoka kwenye spika nne za tarumbeta juu ya uwanja wa mpira wa Shituru, penye kiwanda chetu cha shaba, Jumamosi, jua linawaka, kiwanda kizima kimekusanyika na wake na watoto, kwa hiyo hata nikinyamaza haisaidii kitu, wapo watu Likasi wasiojua jina la baba yangu lakini wakiniona sokoni wanagusana viwiko: huyu ndiye yule wa waya. Basi afadhali niseme mwenyewe. Mkitaka kucheka chekeni, kicheko nimekizoea. Mwisho wake ndio sijauzoea, na huo nao nitawaambia.

Miaka ile tulikuwa tunaitana "sitwayen", yaani raia. Tai zilikatazwa, majina ya ubatizo yalikatazwa, mimi nikawa Sitwayen Kabwe mpaka kwenye kadi ya kazi (bibi yangu, mke wangu, yeye alibaki Stefania, maana mama yake alisema jina alilolitoa mbele ya padri haliwezi kufutwa na redio). Nilikuwa fundi wa kusuka mota kwenye atelye, karakana ya kiwanda. Mota ikiungua unaifungua, unatoa waya zilizokuwa nyeusi, unasuka mpya, mzunguko kwa mzunguko, unahesabu kwa midomo, na ukikosea hesabu unaanza upya, kwa hiyo kutwa nzima hakuna kuongea na mtu. Jioni nikifika nyumbani, kwenye nyumba zetu zile za kampuni zilizopangwa mistari, nilikuwa nataka kitu kimoja tu: muziki.

Nilikuwa na aparey ya kaseti na nilikuwa na kaski. Siyo kaski ya kiwandani ya kukinga kichwa, hapana, ile ya muziki, inayofunika masikio yote mawili, niliyoinunua kwa muzungu mmoja aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao. Jamani, kaski ile! Nilikuwa nakula bukari, ugali wetu, haraka haraka kama mtu anayewahi treni, nanawa mikono, naivaa, na dunia inaisha hapo hapo. Stefania alikuwa anapita mbele yangu, namwona anafungua mdomo, anafunga, namtabasamia, ninaendelea.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza, Stefania akaondoka, akarudi kwao Kalemie, ziwani. Kwa nini aliondoka mtasikia, maana Shituru yote ilisikia. Mimi majirani niliwaambia mama mkwe ni mgonjwa. Mama Bernadeta, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama wa batoto saba na mwenye kucheza mstari wa mbele kwenye kikundi cha nyimbo cha kiwanda, aliniangalia muda mrefu, akasema, "Ah bon? Mugonjwa?" akaendelea kutwanga sombe yake, majani ya muhogo.

Mwezi wa kwanza ikafika kaseti. Mfanyakazi mmoja wa treni aliileta imefungwa kwenye kipande cha kitenge chake, kile cha majani ya kijani, nikakitambua kabla sijakifungua. Wakati ule watu wengi walikuwa wanatuma sauti badala ya barua. Nikaifunga milango. Nikavaa kaski. Kabla hajaanza kusema anakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayeonea mashine haya, na siku nyingine nilikuwa narudisha kaseti nyuma nisikie kile kikohozi tu, basi, nizime. Msiniulize nilikuwa nalala vipi. Upande wake wa kitanda sikuugusa, nililala pembeni kama mgeni.

Sasa sikilizeni shida. Stefania anasema, anasema, mambo mengine ya kuniumiza na mengine ya kunichekesha, halafu karibu na mwisho anasema: "Sasa sikiliza muzuri. Hii neno nitaisema mara moja." Na hapo hapo, kule Kalemie, mvua ikapiga kwenye mabati ya nyumba yao. Mvua yenyewe, ile ya kumwagwa na ndoo. Chini yake unasikia sauti ya mtu inaendelea, inapanda, inashuka, lakini neno hupati hata moja. Halafu mvua inapungua na yeye anamaliza: "Basi. Umesikia. Sitarudilia."

Mtasema, mwandikie barua, muulize. Nimwandikie nini? Kwamba sikusikia? Hilo ndilo neno moja duniani nisilothubutu kumwambia Stefania, na mtaona kwa nini. Nilijua tu kwamba pale kwenye mvua ndipo alipoweka kurudi kwake au kutorudi kwake, na mimi nilikuwa nimekaa na jibu mkononi nisiweze kulisikia. Wiki tatu niliisikiliza ile mvua.

Hapo ndipo akaingia rafiki yangu, Sitwayen Mwamba, ambaye wote tulimwita Stereo kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anashughulika na ampli, mashine ya kukuza sauti, na spika za animasyo. (Kwa wasiokumbuka: animasyo ni zile nyimbo na ngoma za kusifu Chama na Mkubwa wa nchi, kila kiwanda kilikuwa na kikundi chake, na kikundi chetu kilikuwa na abakosti mpya, yale makoti ya kuvaliwa bila tai, na ampli ya zamani.) Stereo alikuja Jumapili baada ya Misa, akasikiliza kaseti yangu kipande, kile cha mvua tu, kingine sikumpa. Akavua kaski, akashika waya yake kwa vidole viwili kama mtu ameshika mkia wa panya.

"Kabwe, ndugu yangu. Weye fundi muzima unasikiliza na hii? Ni nywele! Shaba inatoka hapa, hapa kwetu, safi kabisa, inapanda treni, inaenda Ulaya, kule banaikata, banaikata, banachanganya na makopo, kisha banakurudishia hii. Sauti itapita wapi? Ni sawa na kupitisha treni mu njia ya kinga!" (Kinga ni baiskeli, sisi tunaiita hivyo.)

"Unafikiri ni waya?"

"Bibi yako hakupotea. Eko mu kaseti, anasema. Anakosa njia ya kutokea."

Mnacheka. Lakini muwe watu wa Likasi kwanza. Sisi tumezaliwa juu ya shaba, moshi wa shaba ndio unaotuamsha, nguo zetu ukizianika zinarudi na ladha yake, baba zetu wamezeeka ndani yake, na hatujawahi kuona inafanyiwa nini huko inakokwenda. Mtu wa Likasi ukimwambia shaba ya kwetu inaponya jino, hataulizia mara ya pili, atauliza unaiweka upande gani. Na mimi nilikuwa mtu ambaye bibi yake ameondoka. Ningeambiwa nining'inize kaski kwenye bomba la moshi la kiwanda ningepanda.

Shaba ilikuwepo, atelye yangu ilikuwa na mafungu ya waya zilizobaki, nzuri, nene kama njiti ya kiberiti. Ila kwenye kiwanda chetu hakuna kitu kilichotoka mlangoni bila boni. Hata fagio lililovunjika lilihitaji boni ya kutoka, yenye sahihi ya shefu na mstari mmoja ulioandikwa: ya kazi gani. Nikaenda kwa Shefu Ilunga, mzee wa miwani, mkali lakini mwenye haki. Akachovya kalamu.

"Waya metre sita. Ya kazi gani?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo ningesema, Shefu, ni ya nyumbani, na yeye angesema hapana, na leo ningekuwa mtu wa kawaida. Lakini niseme nini, Shefu, ni ya kusikia bibi yangu? Ulimi ukaenda wenyewe.

"Ya animasyo, Shefu."

Uso wa mzee ukafunguka. "Ah! Muzuri. Muzuri sana, Sitwayen Kabwe." Akaandika, akatia sahihi, akapiga na muhuri. Nilitoka mlangoni siku ile na waya zangu begani, mlinzi amenipigia saluti, najiona mwerevu kuliko kiwanda kizima.

Siku mbili baadaye, asubuhi kabla ya kazi, tumesimama mistari, Shefu Ilunga akasoma tangazo: Jumamosi delege, mjumbe wa Chama, anakuja kuwaona wafanyakazi uwanjani, aparey ya kaseti ya kikundi imekufa, lakini hakuna wasiwasi, kwa sababu Sitwayen Kabwe, kwa moyo wake mwenyewe, anatoa aparey yake pamoja na waya ya shaba anayoisuka kwa mikono yake. Makofi. Mtu nyuma yangu akanipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Ningekataa? Waulizeni wazee wenu kama mambo ya Chama yalikuwa yanakataliwa.

Basi nikawa nasuka kila jioni. Nilikwangua vanishi kwa wembe, nikasuka waya tatu tatu, nikafunga kwa utepe, na waya ile ilipokuwa tayari ilikuwa na unene wa kidole na uzito wa mtoto mchanga. Nikiivaa kaski, kichwa kinalala upande wa kushoto. Stereo alinitafutia plagi kubwa kwa sababu ile ndogo haikuweza kuibeba. Lehemu ya mwisho niliitia Jumamosi yenyewe asubuhi, gari la kubebea vitu limeshapiga honi nje, kwa hiyo sikupata hata dakika moja ya kuijaribu.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa tangu saa tatu. Mama zetu wa animasyo wamevaa vitenge vya Chama, wameshajipanga, jasho linawatiririka. Mimi nimewekwa chini ya kibanda cha mabati na meza yangu, Stereo anaunganisha: waya moja inatoka nyuma ya aparey yangu kwenda kwenye ampli, kutoka ampli kwenda kwenye zile spika nne juu ya nguzo. Ila ampli imekufa, hakuna umeme. Umeme unatakiwa uvutwe kutoka kantini, mbali kule. Aparey yangu yenyewe ilikuwa na mawe yake (ndivyo tunavyoziita betri).

"Ungoje hapa," Stereo akasema. "Naenda kutafuta kuran." Kuran ndio huo umeme.

Saa nne, Stereo haonekani. Saa tano, delege haonekani. Na kaseti ya Stefania iko kwenye mfuko wa shati langu, kwa sababu nilikuwa siiachi nyumbani hata siku moja, na kaski iko mbele yangu, maana waya iliyotangazwa nilikuwa nimeilehemu humo, inang'aa. Nikajiambia, ampli imekufa, nani atasikia? Nikageuza kiti, nikawapa watu mgongo, nikatoa kaseti ya nyimbo za Chama, nikaweka yangu, nikavaa kaski, nikafumba macho.

Kile kikohozi. Halafu: "Kabwe, jambo. Ni minye, Stefania."

"Jambo, mama," nikajibu. Kwa sauti. Nimezoea.

Mwanzo ilikuwa sauti ile ile ya siku zote, kusema kweli nikaanza kuvunjika moyo. Halafu, ghafula, Mungu wangu, ikafunguka! Ikatoka kushoto, ikatoka kulia, ikatoka juu, ikatoka chini ya kiti, meza inatetemeka, Stefania amekuwa mkubwa kama kanisa! Mwili wote ukanisisimka. Nikasema moyoni, Stereo ndugu yangu nisamehe nilikuonea shaka, na nikasimama nusu, macho bado nimefumba, nikapiga kelele: "Shaba! Shaba ya kwetu, jamani!"

Kumbe Stereo amepata umeme. Ampli imewaka, spika nne zimewaka, na mimi ndani ya kaski yangu, fundi mzima wa umeme, nasikia tarumbeta za uwanja zikipenya masikioni, nadhani ni kazi ya waya. Na sasa sikilizeni kile ambacho Shituru ilikuwa inasikia.

"Huku bote beko muzuri. Mama hana ugonjwa. Najua utaambia bantu mama eko mugonjwa, juu ninakujua weye. Ile siku nilisimama mbele yako na kitunga ku mukono. Nikasema, Kabwe, naenda kwetu, nimechoka kusema na mutu mwenye hanisikii. Weye ulikuwa na ile vitu ku masikio. Ukaitikia na kichwa. Ukatikisa na muguu, juu ya muziki. Basi nikaenda."

Ndiyo. Ndivyo ilivyokuwa. Bibi yangu aliniaga na mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani anakwenda kuomba chumvi. Mpaka nilipohisi njaa ndipo nikajua nyumba haina mtu. Mnaona sasa kwa nini sikuweza kumwandikia kwamba sikusikia?

"Na usiku radi ikipiga," spika zikaendelea, "usiingie tena chini ya kitanda, chini kuko baridi, utapata tumbo."

Wananiambia hapo ndipo mstari wa mbele wa animasyo ulipoanguka. Mama wengine walikaa chini kabisa. Mimi sijui kitu, mimi nakaribia kwenye neno langu. "Sasa sikiliza muzuri. Hii neno nitaisema mara moja." Nikashika kitufe cha sauti, nikakisukuma mpaka mwisho wake.

Mvua ikanyesha juu ya Shituru. Na nikisema ikanyesha, watu walitazama juu! Mama walifunika watoto vichwa, wanaume wakakimbilia kwenye mabati, mzee mmoja akafungua mwamvuli, jua liko utosini. Uwanja mzima unanguruma, watu kwa mamia, wanasikiliza mvua ya Kalemie, na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyesikia bibi yangu alisema nini.

Mkono ukaniinua kaski upande mmoja. Ni Mama Bernadeta, machozi ya kicheko mashavuni, lakini macho yake hayakuwa yanacheka. Na mvua haikukoma nilipotolewa kaski. Ndipo nikaelewa. Nikafungua macho, nikageuka, nikaona uwanja wote unaniangalia mimi, na juu ya vichwa vyao Stefania anamaliza: "Basi. Umesikia. Sitarudilia."

Niliruka kuzima. Waya ya kawaida ingechomoka, hata mtoto anajua. Yangu haikuchomoka, yangu ilikuwa ya shaba, kaski iko shingoni, nilivyoruka aparey ikaruka pamoja na mimi, ikatoka mezani, ikaanguka chini, mimi nikaanguka juu yake. Nilipoinua kichwa niliona viatu, viatu safi sana, na juu yake abakosti iliyopigwa pasi. Delege wa Chama alikuwa amefika. Watu walio karibu wakarudi nyuma kwa woga, maana mtu aliweza kupotea kwa mambo madogo kuliko haya.

"Ile sauti ilikuwa ya nani?"

"Ya bibi yangu, Sitwayen Delege."

"Pale kwa mvua, alisema nini?"

"Sijue, Sitwayen Delege."

Akaniangalia, akaiangalia ile waya nene shingoni. "Hujui? Na shaba yote hii?"

Basi wakacheka, kwa sababu yeye alicheka kwanza. Na katikati ya kicheko Mama Bernadeta akaweka mikono kiunoni akanipigia kelele mbele ya wakubwa wote: "Mwanamuke akituma sauti, anaita miguu! Kwenda kumuuliza, weye mupumbafu!" Halafu akarudi kwenye mstari wake, wakaimba nyimbo za Chama bila kaseti, kwa midomo yao, na waliimba vizuri tu.

Jumatatu Shefu Ilunga aliniita. Boni yangu iko mezani. "Hapa umeandikisha ni ya Chama. Bibi yako ni Chama?" Nikasema hapana, Shefu. Akanipa siku nane za kukaa nyumbani bila kazi, adhabu ndogo, nilistahili kubwa zaidi.

Na sasa, ndugu zangu, nafika kwenye ujinga wangu wa kweli. Ule wa uwanjani ulikuwa kichekesho tu. Nilikuwa na siku nane. Stesheni iko pale. Mama Bernadeta ameniambia mbele ya dunia nzima nifanye nini. Mnajua nilifanya nini? Nilitengeneza aparey. Nilijiambia, nikifika Kalemie bila kusikia ataniuliza, na nitajibu nini? Nisikie kwanza, ndipo niende. Na kutoka nje sikuweza, watoto wa mtaani walikuwa wakiniona wanashika masikio na kutikisa mguu.

Nikamwita Stereo, nikamwambia tupime kama mafundi. Mimi nafumba macho, yeye anabadilisha waya, mara ile ya shaba, mara ile ya nywele, haniambii ni ipi, mimi ndiye niseme. Tulifanya hivyo mchana mzima. Nasema hii ni shaba, imefunguka, namsikia anavuta pumzi: ni nywele. Nasema hii ni nywele, imeziba: ni shaba. Nikipatia ni bahati, kama kurusha sarafu. Mwishoni akavaa yeye, nikambadilishia mimi, naye akakosea vile vile. Tukakaa. Mvua ilikuwa ndani ya kaseti, iliingia siku ile ile aliyosema, na waya inaleta kile kilichopo, nene au nyembamba, haina mahali pa kuokota kingine. Stereo alisimama, akasema, "Kabwe, naomba musamaha," akaenda nyumbani.

Hata hapo sikwenda. Nilingoja likizo yangu, mwezi wa tano, mvua zimeshakatika, eti niende kama bwana anayekwenda ukweni na si kama mtu aliyefukuzwa kazi. Nilijinunulia shati. Nilimnunulia mama mkwe kitenge. Siku nilizokaa ndani ya treni zile sikulala, nilikuwa najisemea mdomoni maneno ya kumwambia, nikamaliza yote kabla ya stesheni ya Kabalo, nikaanza upya. Nilimtamani Stefania, niliona migongo ya wanawake kwenye kila stesheni nikainuka kwenye kiti.

Mama mkwe alinipokea uani kwa heshima, macho chini kama desturi inavyotaka, akaniletea maji, mzima wa afya kama Stefania alivyosema. Stefania akatoka. Alikuwa amenenepa kidogo. Akakaa kwenye kigoda mbali kidogo na mimi.

"Kaseti ulipata?"

"Nilipata."

"Ukasikia?"

Na yale maneno yangu yote ya treni yakaniacha. "Yote nilisikia. Pale mwisho hapana. Mvua ilipiga."

Alicheka. Niliona meno yake, nikafurahi kama mtoto. Halafu akaacha kucheka polepole, akainamisha kichwa.

"Nilisema kama ungali unanitaka, kuja weye mwenyewe mbele ya mvua kuisha. Usitume mutu, usitume kitu. Nikasema nitakuwa naenda ku stesheni kila treni." Akapangusa kwenye kitenge chake kitu ambacho hakikuwepo. "Nilienda, Kabwe. Kila treni. Mpaka bantu ba stesheni banajua jina yangu."

"Sasa nimekuja."

"Sasa mvua iliisha." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Akaniambia masista wa Uvira wamempokea kujifunza kazi ya kuzalisha akina mama, sanduku limeshafungwa, meli ni Alhamisi. Ndoa ya kanisa tulikuwa bado hatujafunga, tulikuwa tunaingoja, kila mwaka tunaingoja. Siku tatu nilimwomba. Alinipikia vizuri siku zote tatu, na kila nililosema alilisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema hapana.

Alhamisi nilimbebea sanduku mpaka bandarini. Hatukushikana mkono, watu wa kwao walikuwa wengi. Akapanda, akasimama kwenye ukingo juu, mimi nimebaki chini na shati langu jipya. Honi ya meli ikalia, ndefu, na katikati ya ile honi nikamwona Stefania anafungua mdomo, ananisemesha, anafunga.

Kichwa changu kilishaanza kuitikia. Nakwambieni kweli, shingo ilishaanza. Nikaikamata. Nikakimbia, nikapanda ile ngazi ya mbao, baharia ananishika shati, kifungo kinaruka, namwambia niache, niache kidogo, nikafika mbele yake nahema.

"Umesema nini?"

Akashangaa. "Hapana kitu."

"Umesema kitu. Sikusikia. Rudilia, Stefania, nakuomba."

Akaniangalia, na machozi yake ndiyo yaliyotangulia. "Nilisema umekonda," akasema. "Basi. Umekonda sana, Kabwe. Ukule." Baharia akaniteremsha, meli ikaenda.

Basi ndiyo hayo. Kaski niliiuza, na tangu mwaka ule sijaweka kitu masikioni mwangu wala sitaweka. Nimeoa tena, mama mzuri, wa hapa hapa Likasi, na akisema neno kutoka jikoni nasimama, nazima redio, naenda mpaka alipo, namwambia sema tena. Yeye hujisifu kwa wenzake kanisani kwamba Mungu amempa bwana anayesikiliza, anafikiri nililelewa hivyo na mama yangu. Namwacha afikiri. Aliyekuwa ananisemesha miaka ile yuko Uvira, kama yupo bado, anazalisha watoto wa watu.